Watu-chui: mnyama hashitakiwi

Huku Kilembwe, jioni watu wakitoka kwenye mashimo ya dhahabu, habari ya watu-chui haikosi. Wengi wanaidhani ni hadisi ya kutisha watoto. Kumbe ilikuwa kweli. Wakati wa Wabelgiji, hasa miaka ya 1930, upande wa kaskazini ya kwetu, Bafwasende, Wamba mpaka Beni, watu waliuawa mumoja mumoja na watu wenzao. Kule Wamba wauaji waliitwa anioto, Beni, vihokohoko.

Kazi yao ilikuwa ya kupangwa. Muuaji alivaa nguo ya gome la muti iliyopakwa madoadoa, mikononi makucha ya chuma. Wengine walikuwa na fimbo iliyochongwa mwisho kama mguu wa chui, wanaigonga kwenye udongo ili alama ibaki. Walivizia mutu aliye peke yake: mama anaenda shambani, mutoto anateka maji. Kijiji kinaona mwili umeraruliwa, kinaona nyayo, kinasema ni chui. Basi, kesi imekwisha. Nani atamupeleka chui tribinali?

Serikali ya wakoloni ilinyonga watu mbele ya wote, ikaandika sana juu ya ushenzi. Tayari mwaka 1913 Paul Wissaert alikuwa amechonga sanamu ya mutu-chui, ikawekwa Tervuren, na Hergé akamuingiza mutu-chui katika Tintin. (Chéri Samba wetu, mwaka 2002, aliichora hiyo sanamu Wakongomani wanaivuta nje ya jumba. Tulicheka sana.)

Lakini mutafiti Vicky Van Bockhaven, aliyesoma dosie za zamani, anaonyesha kwamba mauaji mengi yalifuata ugomvi wa uchefu. Wakoloni waliweka huyu, wakatosha yule; makucha yakawa njia ya kumaliza watu wa mupinzani. Mwenye kuvaa gome alikuwa kijana tu. Nyuma yake kulikuwa mutu aliyemutuma, na kumufikia huyo njo ilikuwa kazi ngumu.

Sisi wa sindika tunaisikia hii habari na masikio ingine. Shimo likianguka huku, neno la kwanza ni: kilima kimekula mutu. Ao mizimu ilitaka damu. Mwili unazikwa mbio, mwenye shimo anatoa sanda na mbuzi, hakuna PV. Hakuna anayeuliza nani alikataa kununua miti ya kushikilia udongo, nani aliamuru watu washuke na mvua ilinyesha usiku mzima.

Sasa tunaandika wenyewe katika kaye: jina, siku, shimo, mwenye shimo, timu iliyokuwa chini. Wenye mashimo hawaipendi hiyo kaye. Mumoja amekwisha kutuuliza, tena kwa sauti ya pole, ni nani ametutuma.