Mahali pa Matambiko na Michoro ya Miambani Singida: Tutunze Kwanza, Wageni Baadaye



Katika vikao vya kamati swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara: je, sisi watu wa Singida hatuwezi nasi kujipatia kipato kutokana na wageni wa hija na wale wanaotembelea mambo ya kale na mandhari? Wengine wameuliza kama parokia inaweza kutenga eneo, kujenga banda la kupumzikia na kuanza kupokea watu. Swali ni zuri. Tumeona tulijibu kwa kirefu katika toleo hili kwa sababu lina hatari ndani yake, na hatari yenyewe imekwisha kuanza kuleta hasara.

Mfano unaotolewa mara nyingi vikaoni ni ule wa India. (Tukumbushane tu kwamba Mhindi ni mtu wa asili ya India, ila Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, si kila Mhindi ni Mhindu.) Katika mji wa Varanasi, Wahindu wamekuja kuoga katika mto Ganga kwa karne nyingi. Umbali wa kilometa kama 10 tu kutoka hapo iko Sarnath, mahali ambapo Wabudha wanaamini Buddha alitoa fundisho lake la kwanza. Kwa hiyo aliyekuja kuoga mtoni hupita pia kutazama magofu ya Sarnath, na aliyekuja kwa ajili ya Sarnath hupita kutazama mto na mahekalu. Mwenye mashua, muuza maua, mama anayepika kando ya barabara na mfumaji wa hariri, wote hupata riziki hapo.

Mfano huo ni wa kweli, lakini vikaoni husimuliwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba mahekalu na ngazi za mtoni zilitunzwa na wanaosali hapo muda mrefu kabla hajafika mtalii wa kwanza. Tena wingi wa watu una gharama yake: mto huo umechafuka kiasi kwamba serikali ya India ilianzisha mpango mkubwa wa kuusafisha mwaka 1986, na kazi hiyo haijaisha hadi leo.

Tulicho nacho sisi

Singida hatuna mahekalu ya mawe yenye minara. Tulicho nacho hakionekani kwa urahisi, na ndiyo maana kinaharibika bila kelele.

Tuanze na Kirumi, katika nchi ya Waisanzu, wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Kirumi palikuwa makao ya watemi wa Kiisanzu, na ndipo palipofanyiwa matambiko ya mvua. Kwa masimulizi yao wenyewe, Waisanzu walitoka upande wa Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Mwanaanthropolojia Todd Sanders aliishi kwao katika miaka ya 1990 na mwaka 2008 akatoa kitabu kuhusu matambiko hayo. Jambo analolisisitiza ni hili: kwa Waisanzu, mvua haipatikani kwa nguvu ya mwanamume peke yake wala ya mwanamke peke yake. Utawala wenyewe wa jadi ulikuwa na mtemi wa kiume na wa kike, na tambiko lilihitaji pande zote mbili. Katika mkoa ambao mvua ikichelewa wiki 3 uwele na mtama hukauka shambani, si ajabu kwamba mahali pa kuombea mvua palipewa heshima kuliko mahali pengine popote.

Kisha kuna michoro. Katika mapango na chini ya majabali ya Iramba na Mkalama ipo michoro ya kale ya miambani: wanyama, watu, na alama ambazo hakuna anayejua kuzisoma kwa hakika. Michoro myekundu ndiyo ya zamani zaidi, na wataalamu wanaihusisha na wawindaji na wakusanya matunda, watu wa jadi moja na Wahadzabe na Wasandawe. Ile nyeupe, mingi yake ya mistari minene, ni ya wakulima na wafugaji waliofika baadaye. Wahadzabe wenyewe bado ni majirani zetu. Wapo wanaoishi Mkalama hadi leo, nasi hatupaswi kuzungumzia urithi huu kana kwamba wenyewe walikwisha kutoweka duniani.

Michoro inayojulikana zaidi ni ya jirani zetu wa Kondoa, mkoa wa Dodoma. Majabali ya Kondoa, ambayo mji mdogo wa Kolo ndio lango lake, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Ni eneo la kilometa za mraba 2,336 lenye mapango na vivuli vya miamba zaidi ya 150 vyenye michoro, kwenye miteremko inayotazama Bonde la Ufa. Mtafiti Mary Leakey alinakili michoro mingi hapo mwaka 1951. Mahali paitwapo Mongomi wa Kolo watu huenda kutazama michoro, na wengine huenda kutambika: kuomba mvua, kuomba afya, kuchinja mbuzi na kunyunyiza pombe ya mtama. Warangi wengi ni Waislamu, na bado wapo wanaopanda mlima huo mambo yakiwa magumu. Kwa hiyo tukitafuta kwetu mfano wa mahali penye hija, urithi na mandhari kwa pamoja, hatuna haja ya kwenda hadi India. Upo Kolo, mwendo wa siku moja kwa gari.

"Mali ya Mjerumani"

Sasa tufike kwenye hasara tuliyoitaja. Tulipotembelea kivuli kimoja cha mwamba chenye michoro, katika uwanda wa juu wa Iramba, tulikuta chini yake shimo linalomfika mtu mzima kifuani. Udongo ulikuwa umetupwa pembeni, na ndani yake tuliona vipande vya vyungu, mifupa na vijiwe vilivyochongwa. Tulimwuliza mzee aliyetuongoza, "Babu, nani amechimba hapa?"

"Vijana, wajukuu zangu. Walikuja usiku na mashine ya kupimia madini. Wanasema Mjerumani aliacha sanduku."

Imani hii imeenea kuanzia Kondoa hadi Iramba. Inasemwa kwamba Wajerumani walipokimbia walizika dhahabu na fedha, na kwamba michoro ya miambani ni alama walizoweka ili wakirudi wapajue. Tusiwacheke wanaoamini hivyo, maana uvumi huu una mzizi. Mgodi wa dhahabu wa Sekenke, uliopo Iramba, ulianza kuchimbwa enzi za Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipowabana na fedha zikawaishia, walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 huko Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli, zikiwa na picha ya tembo. Dhahabu yake ilitoka Sekenke. Kondoa ilitwaliwa na majeshi ya upande wa Waingereza mwezi Aprili 1916, na Tabora ikaingiwa na Wabelgiji mwezi Septemba mwaka huohuo. Kwa hiyo ni kweli kulikuwa na dhahabu, na ni kweli walikimbia.

Kisicho kweli ni kuiunganisha michoro na habari hiyo. Sarafu zilitengenezwa ili zitumike, zikatumika. Leo zinauzwa minadani na wakusanyaji wa sarafu za kale. Na michoro myekundu ilikuwepo pale mamia ya miaka, pengine maelfu, kabla Mjerumani wa kwanza hajakanyaga nchi hii. Anayechimba chini yake akitafuta sanduku anachimba kwa kufuata ramani isiyokuwepo.

Hasara yake ni kubwa kuliko shimo lenyewe. Udongo wa chini ya mwamba umelala kwa matabaka: mkaa wa moto wa watu wa jana juu, wa watu wa kale chini, na kati yake vyungu, shanga, mifupa na zana za mawe. Mtaalamu hupima umri wa mkaa na kujua nani aliishi lini, alikula nini, mifugo na kilimo vilifika mwaka gani. Matabaka yakikorogwa kwa jembe na sururu usiku mmoja, hakuna fedha ya mfadhili inayoweza kuyapanga upya. Zaidi ya hayo, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inakataza kuchimba mabaki ya kale bila leseni. Vijana wetu wengi hawalijui hilo mpaka wakamatwe.

Wachimbaji si waharibifu pekee. Kuna wanaopasua majabali kupata kokoto, wanaoandika majina yao kwa mkaa juu ya michoro, na wageni wanaomwaga maji ukutani ili rangi ing'ae kwenye picha. Hata mafuta na pombe ya tambiko huathiri rangi, na jambo hilo limeleta mvutano wa miaka mingi Kolo kati ya watunzaji wa serikali na wenye mila. Kwa maoni yetu, kuwafukuza wenye mila si dawa, kwa sababu wao ndio walinzi wanaolala karibu. Mwenye mila akizuiwa asifike, anayebaki mlimani usiku ni yule mwenye sururu.

Je, ni kazi ya Kanisa?

Katika parokia mbili tumeulizwa waziwazi: "Mbona mnatutuma tukatunze mahali pa mizimu?" Hatutaki kulikwepa swali hili. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Nostra Aetate, lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965, linataja dini ya Kihindu na ya Kibudha kwa majina na kusema kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Kuyatunza makao ya watemi wa Kirumi si kutambika. Mkatoliki anayezuia jabali lisipasuliwe hajaacha imani yake. Na tukumbuke kwamba wengi wa wazee wanaojua historia ya mahali hapa wamo ndani ya jumuiya zetu ndogo ndogo, ila hawasemi kwa kuogopa kuitwa wapagani. Wakifa kimya, habari inakwenda nao.

Mandhari tuliyo nayo hayahitaji maneno mengi, yanajitangaza yenyewe. Mjini Singida kuna ziwa Singidani na ziwa Kindai, maji ya chumvi yanayovuta heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, katikati ya majabali. Kaskazini kuna ziwa Kitangiri na wavuvi wake. Kusini, Kilimatinde imekaa juu ya ukuta wa Bonde la Ufa. Palikuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani, na kuanzia huko misafara ya karne ya 19 ilikuwa ikikaribia Mgunda Mkali, pori lililoogopwa kwa ukosefu wa maji. Burton na Speke walilipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Kiwanja cha mpira cha Singida kina jina la Liti, mama wa Kinyaturu ambaye masimulizi yanasema aliwapiga Wajerumani kwa kuwatumia nyuki. Mgeni akisimuliwa habari hiyo huku ameshika chupa ya asali ya Singida, atainunua.

Tunachopendekeza

Kuhifadhi kwa mikono ya wanakijiji si jambo geni mkoani kwetu. Kuanzia mwaka 1995 vijiji 5 vinavyozunguka msitu wa Mgori vilikabidhiwa ulinzi wake, zaidi ya hekta 40,000, vikaweka walinzi wao na sheria ndogo zao. Ulikuwa miongoni mwa misitu ya kwanza nchini kusimamiwa kwa namna hiyo. Njia ya kuanzia miambani ni hiyohiyo: mkutano mkuu wa kijiji, sheria ndogo inayotaja uchimbaji na upasuaji wa mawe, na walinzi wawili watatu wanaolipwa posho. Mmoja wao awe ni mzee wa mila.

Kwa wafadhili wetu tunasema wazi: tumepokea maombi ya uzio, vibao na mabanda ya wageni, na kwa sasa hatuyapeleki kwenu. Kibao cha barabarani kinachosema "michoro ya kale" mahali pasipo mlinzi ni mwaliko kwa wachimbaji. Fedha ya posho ya walinzi kwa mwaka mzima, pamoja na mafunzo ya vijana wachache wa kuongoza wageni, ni ndogo kuliko gharama ya banda moja. Vijana wa aina ile tuliosimuliwa na mzee ndio tungependa kuwafundisha kwanza. Tayari wanaijua njia ya kupanda, hata usiku.

Kamati zinazofahamu mahali pa namna hii katika eneo lao zituletee taarifa kabla ya kikao kijacho: jina la kijiji, hali ya mahali, na nani anapatunza. Tunaomba taarifa iletwe kwa mkono, na mahali hasa pasiandikwe kwenye ubao wa matangazo ya parokia. Wasomaji makini watakuwa wameona kwamba nasi hatukutaja jina la ule mwamba wa Iramba.