Simu Zikigoma Woodbury: Redio Ndogo Zinazopokezana Habari

Saa 12 na dakika 5 jioni, tarehe 1 Agosti 2007, daraja la barabara kuu ya I-35W liliporomoka ndani ya Mto Mississippi mjini Minneapolis, Minnesota, magari ya watu waliokuwa wakirudi kutoka kazini yakiwa juu yake. Watu 13 walifariki na 145 walijeruhiwa. Muda mfupi baadaye kila mwenye ndugu jijini alikuwa ameshika simu, na simu nyingi hazikupita. Minara ilikuwa wima na umeme ulikuwepo. Kilichokwisha ni nafasi. Mnara wa simu hujengwa kwa hesabu kwamba wateja wengi watakuwa kimya wakati wachache wanaongea, na siku ya msiba hesabu hiyo huvunjika.

Mtandao mmoja uliosaidia jioni ile ulikuwa bado haujakamilika. Kampuni ya US Internet ilikuwa na mkataba na jiji wa kufunga vifaa vya Wi-Fi juu ya nguzo za taa, kila kifaa kikizungumza na vya jirani yake kwa redio na kupitisha data nguzo hadi nguzo. Daraja lilipoanguka, mtandao huo ulifunguliwa bure kwa umma, na mawasiliano ya uokoaji yakapata njia nyingine nje ya minara ya simu. Mtandao wa namna hiyo, ambamo kila kifaa ni mpokeaji na pia mpitishaji wa habari za wenzake, mafundi huuita mtandao wa meshi. Mwaka 2007 ulihitaji kampuni, mkataba wa jiji na mamia ya nguzo. Leo mtaa mmoja wa Woodbury unaweza kujijengea wa kwake, mdogo kwa uwezo lakini imara kwa njia yake.

Woodbury iko mashariki mwa Saint Paul, katika Washington County, na ina watu wapatao 75,000. Ndugu wengi tunaozungumza Kiswahili katika majiji pacha ya Minneapolis na Saint Paul tunafanya kazi hospitalini na katika nyumba za kutunzia wazee, mara nyingi zamu ya usiku, na jamaa zetu wametawanyika: huyu Woodbury, yule Brooklyn Park upande wa pili kabisa, kilomita zipatazo 35 kwa mstari wa moja kwa moja. Tarehe 21 Juni 2013 dhoruba ilikata umeme kwa wateja zaidi ya nusu milioni wa eneo hili. Familia yenye mama kazini, watoto nyumbani na baba barabarani haihitaji video usiku kama huo. Inahitaji maneno matano: niko salama, nipo kwa jirani.

Kifaa kinachobeba maneno hayo ni redio ya LoRa. Teknolojia yake ilibuniwa na kampuni ya Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, iliyonunuliwa na Semtech mwaka 2012. Badala ya kutuma alama fupi kwa kasi, LoRa hutuma mlio unaopanda taratibu kutoka masafa ya chini hadi ya juu, na mpokeaji analijua umbo lake kiasi kwamba anaweza kuutambua hata ukiwa dhaifu kuliko kelele za redio zilizouzunguka. Kinachotolewa kafara ni kasi. Programu inayotumika sana kuziunganisha redio hizi ni Meshtastic, iliyoanzishwa mwaka 2020 na mhandisi Kevin Hester, nayo ni huria na haina malipo. Kifaa cha dola 30 hivi huunganishwa na simu yako kwa Bluetooth, unaandika ujumbe kama kawaida, na redio inaurusha katika masafa ya megahezi 902 hadi 928, ambayo hapa Marekani hayahitaji leseni mradi usipite wati moja. Hakuna laini ya simu wala intaneti.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hununua redio, huziwasha, huona majina ya majirani kwenye skrini, kisha huanza kupiga soga. Tufanye hesabu. Katika mpangilio wa kawaida wa Meshtastic, data husafiri kwa kasi ya takriban biti 1,000 kwa sekunde. Ujumbe wa herufi 100 huchukua karibu sekunde nzima hewani. Mpangilio huo unaruhusu ujumbe upokezwe mara tatu baada ya kurushwa, kwa hiyo hata kama kila hatua ina mpokezaji mmoja tu, ujumbe huo umeshakula sekunde nne. Watu 100 wakiuliza kwa pamoja "mko salama?", sekunde 400 zimekwenda, karibu dakika saba, na hiyo ni pale ambapo hakuna hata jumbe mbili zilizogongana. Redio zote zinazosikiana hutumia mkondo mmoja. Anayeongea amewanyima wengine zamu.

Wazee wetu walilielewa jambo hili kwa mbiu ya mgambo: ikilia, ina jambo. Mbiu inayolia kila saa haimwamshi mtu. Mtandao wa LoRa unataka nidhamu hiyohiyo, na nidhamu haiuzwi pamoja na kifaa. Kaeni mkubaliane mapema jumbe chache za kawaida, fupi, zenye jina la mtu, mahali na hali yake. Zimeni au punguzeni taarifa ambazo kifaa hutuma chenyewe, kama vile mahali kilipo na kiasi cha betri. Mtaani penye vifaa vingi, hizo pekee zaweza kujaza anga kabla mtu hajaandika neno.

Hata maandishi yana uzito wake. Ujumbe una nafasi ya baiti 200 na kitu. Kiswahili kina bahati, kwani kila herufi yetu ni baiti moja. Herufi moja ya Kiamhari, au ya maandishi ya ndugu zetu Wakaren waliojaa Saint Paul, ni baiti tatu, na kile kikatuni cha kulia machozi mara nyingi ni nne. Anayepanga jumbe za mtaa wenye lugha nyingi aliweke hilo kichwani, ili asije akawapa wengine kikomo cha herufi kinachowatosha Waswahili na Wazungu tu.

Jinsi redio zinavyopokezana ni kazi ya ustadi mkubwa. Kifaa kinapousikia ujumbe mpya hakiurudii papo hapo, husubiri kidogo. Kilichousikia kwa udhaifu, maana yake huenda kiko mbali, husubiri muda mfupi zaidi, na kilichousikia kwa nguvu husubiri zaidi. Kikisikia mwenzake ameshaurusha, hunyamaza. Kwa utaratibu huo ujumbe huruka mbali bila kila mtu kupiga kelele. Sasa chukua mtu mwenye nia njema anayeingia kwenye mipangilio ya kifaa chake kilicho mezani jikoni na kukipa wadhifa wa "ruta". Ruta hurudia kila ujumbe, tena kwa kuwatangulia wengine, hata kama mwenzake amekwisha kuurusha. Ikiwa iko chini, imezungukwa na kuta, imetumia hatua moja kati ya tatu kuusogeza ujumbe mita mia mbili. Mtandao wa mtaa unaweza kulemazwa na wasaidizi watano wa namna hiyo. Wadhifa huo waachiwe wachache walio juu kweli.

Juu ni wapi Woodbury? Ardhi yake ni ya vilima na mabonde yaliyoachwa na barafu ya kale, yenye miti mingi na nyumba za mbao. Kanuni ya upeo wa redio ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, zidisha kwa 4, utapata kilomita. Antena ya mita 2 ina upeo wa kilomita 6 hivi, ya mita 10 kilomita 13, ya mita 30 kilomita 22. Hiyo ni kwa nchi tambarare isiyo na miti. Kati ya vilima na majani yenye umande utapata sehemu tu ya umbali huo. Ndiyo maana ningependa antena moja juu ya paa la kanisa, msikiti au jengo la ghorofa lililo mlimani kuliko antena ishirini madirishani. Kuipata kunataka barua kwa mchungaji au imamu, mazungumzo na mwenye jengo, na mtu atakayebeba dhamana ya kuihudumia. Kazi hiyo ya kuombana ruhusa ndiyo nusu kubwa ya ujenzi, na inafanyika siku za amani tu.

Mitaa mingi mipya ina vyama vya wenye nyumba ambavyo huweza kukataza nguzo juu ya paa. Dari itakusaidia. Vigae vya lami na mbao hupitisha masafa haya kwa hasara ndogo, kwa hiyo antena iliyosimamishwa darini hufanya kazi karibu sawa na ya nje, ila kama paa ni la bati au vifaa vya kuzuia baridi vimefunikwa kwa karatasi ya alumini. Huko usihangaike.

Kisha kuna majira ya baridi, na hapa miongozo iliyoandikwa California haifai. Betri za lithiamu za kawaida hazipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi: lithiamu huganda kama metali ndani yake, betri huharibika kabisa na inaweza kuwa ya hatari. Minnesota hukaa chini ya sifuri kwa majuma mfululizo, na mchana wa katikati ya Desemba haudumu hata saa tisa. Kituo cha sola kilicho juu ya paa kinataka betri za lithiamu titaniti, zinazovumilia kuchajiwa kwenye baridi kali, au kidhibiti kinachokata chaji baridi ikizidi. Paneli isimamishwe mwinuko mkali ikitazama kusini ili theluji iteleze. Chagueni pia vifaa vyenye chipu ya nRF52840 badala ya ESP32, kwani hula umeme kidogo sana.

Wapo wanaouliza: kwa nini shida zote hizi kwenye nchi yenye mitandao ya kila aina? Tarehe 26 Januari 2010 hitilafu ya kebo moja mjini Duluth iliiacha kaskazini mashariki mwa Minnesota bila intaneti, bila simu za mbali na bila huduma ya 911 kwa takriban saa 12. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na Uganda zikapungukiwa intaneti kwa siku kadhaa. Aliyekuwa Minnesota akimtafuta mama yake Morogoro anazikumbuka siku hizo. Njia moja ikibeba kila kitu, kukatika kwake ni kukatika kwa kila kitu.

Na watu wetu si wageni wa kazi hii. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, Kongo mashariki, Pamoja Net ilizinduliwa mwaka 2016, Wi-Fi ikivushwa juu ya maji ya ziwa. Kibera, Nairobi, TunapandaNET imeziunganisha shule na vituo vya vijana kwa meshi ya Wi-Fi. Kotekote ufundi wa redio ulifuata makubaliano ya watu: nani anatunza kifaa, nani analipia umeme, nani ana ufunguo wa chumba. Nikiona kundi limenunua redio kumi kabla ya kuyajibu hayo, napata wasiwasi.

Mipaka nayo isemwe wazi. Meshi ya LoRa haipigi 911. Polisi na zimamoto wa jimbo hili wana mfumo wao wa redio uitwao ARMER, ambao haupokei jumbe zako. Kwa hiyo kila mtandao wa mtaa unafaa uwe na angalau mwanaredio mmoja wa ridhaa mwenye leseni, anayeweza kufikisha habari mbali zaidi. Mtihani wa daraja la kwanza una maswali 35 na anayepata 26 amefaulu. Na mkondo wa kawaida wa Meshtastic hutumia ufunguo unaojulikana na kila mtu duniani, kwa hiyo yeyote aliye karibu anasoma. Familia iunde mkondo wake wenye ufunguo wake, ipeane ana kwa ana, na kifaa kizuiwe kutangaza nyumba yenu ilipo.

Onyo kwa wanaosafiri likizo: msikiwashe nyumbani kifaa kilichopangwa kwa Marekani. Megahezi 890 hadi 915, ambayo hapa yanaingiliana na masafa ya bure, Afrika Mashariki hutumiwa na simu za mkononi kuwasiliana na mnara. Utakuwa unawavuruga majirani ulioenda kuwasalimia. Badilisha mpangilio wa eneo, badilisha antena, na kwanza uliza wasimamizi wa mawasiliano: TCRA ukiwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano ukiwa Kenya, au UCC ukiwa Uganda.

Kwa walio tayari kuanza Woodbury, siku ya jaribio imekwisha kupangwa na serikali. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, saa 7 mchana, ving'ora vya tufani hulia eneo zima kwa majaribio. King'ora kikinyamaza, kila nyumba itume ujumbe mmoja: jina, mtaa, salama. Mmoja aandike nani amesikika na nani hakusikika, na kabla ya Jumatano ya mwezi unaofuata mtu aende kwa yule asiyesikika, apande naye darini, waisogeze antena.