Fahamu: Kifaa cha kuonyesha filamu za mtandaoni kwenye runinga yako

Ni nini?
Ni kijiti au kiboksi kidogo unachochomeka kwenye tundu la HDMI la runinga na kukiunganisha na Wi-Fi, kisha unatazama Netflix au YouTube bila dishi wala antena. Runinga ya zamani yenye tundu hilo inatosha. Usiharakishe kununua mpya.

Vilivyopo
Fire TV Stick ya Amazon, Roku, Apple TV na Google TV Streamer, iliyochukua nafasi ya Chromecast mwaka 2024.

Bando kwanza
Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kwa makadirio ya Netflix, saa moja ya picha ya HD hula hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. Kwa anayetegemea bando la simu, kifaa cha HD kinatosha kabisa.

Viboksi visivyo na jina
Juni 2025, FBI ya Marekani ilionya kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa programu hasidi, vingine kabla hata ya kununuliwa. Kiboksi kinachoahidi chaneli zote bure, kiache dukani.