Jumba la Satis: Ishara ya Uozo katika Riwaya ya Dickens

Riwaya ya Charles Dickens iitwayo Great Expectations, iliyochapishwa kwa mfululizo katika jarida lake la All the Year Round kati ya Desemba 1860 na Agosti 1861, ni miongoni mwa kazi za enzi ya Malkia Victoria ambamo jengo lina uzito sawa na wa mhusika. Jengo hilo ni Satis House, makao ya Bi. Havisham. Aghalabu wahakiki hueleza kwamba jumba hili linaashiria moyo wa mwenyewe uliovunjika. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Makala haya yatajaribu kuonyesha kwamba jumba hili ni ishara ya ungwana unaotegemea mali, na kwamba nguvu ya ishara hiyo imo katika jinsi Pip anavyoisoma vibaya.

Tuanze na mambo yaonekanayo. Bi. Havisham alipokea barua ya kuachwa na mchumba wake alipokuwa akijipamba kwa harusi. Tangu hapo akasimamisha saa zote za nyumbani, zikabaki kuonyesha saa tatu kasoro dakika ishirini. Akaziba madirisha, na nguo ya harusi hakuivua tena. Lakini nguo imegeuka rangi ya manjano, na keki ya harusi imekuwa maskani ya buibui. Hapa pana ukinzani wa makusudi: saa zimetii amri ya tajiri, uozo haukutii.

Jina la jumba nalo lina kinaya. Satis ni neno la Kilatini lenye maana ya ‘kutosha’, na Estella humweleza Pip kwamba aliyelipa nyumba jina hilo alidhani mwenye kuimiliki hatahitaji kitu kingine. Tena kando ya jumba kipo kiwanda cha pombe kilichokufa, nacho ndicho asili ya utajiri wa ukoo huo. Kazi imekoma, mali imebaki. Na mali isiyozaa kitu inajilisha yenyewe, kama buibui wale.

Pip, yatima aliyelelewa nyumbani kwa mhunzi, anauona uozo huu wote tangu siku ya kwanza. Hata hivyo, hatoki humo akiuonea jumba hilo huruma; anatoka akiionea haya mikono yake mwenyewe, kwa kuwa Estella ameidharau. Baadaye, anapopata fedha za kumfanya muungwana, anaamini zimetoka katika jumba hilo. Kumbe zimetoka kwa Magwitch, mfungwa aliyepelekwa Australia. Na Estella mwenyewe, nyota ya jumba hilo, ni binti wa mfungwa huyohuyo. Kwa hiyo, ungwana ambao Pip aliutukuza hauna msingi mwingine ila jasho la mtu ambaye jamii hiyo ilimtupa.

Moto unapomwakia Bi. Havisham, Pip anaivuta shuka kubwa ya mezani pamoja na ule uozo wote ili auzime, na mikono iliyodharauliwa ndiyo inayoungua katika kumwokoa. Hatimaye jumba linabomolewa na kuuzwa kama vifaa vya ujenzi.

Jambo hili latusaidia kupima mjadala kuhusu miisho miwili ya riwaya. Katika mwisho wa awali, Pip na Estella wanakutana barabarani mjini London. Kwa ushauri wa Edward Bulwer-Lytton, Dickens aliubadilisha, akawakutanisha pale lilipokuwa jumba. Wako wanaouona mwisho huu wa pili kuwa wa kuwaridhisha wasomaji tu. Hata hivyo, kwa upande wa ishara, ndio unaokamilisha kazi: umebaki ukuta wa bustani, na mimea ya zamani imetia mizizi upya, ikachipua juu ya kifusi. Saa zilizosimamishwa hazikuweza kuzuia wakati. Na ilibidi jumba lianguke ndipo wahusika hawa wawili waweze kusemezana kama watu, bila ya bwana wala mtwana.