Aspirini na Pumu: Kwa Nini Kidonge cha Maumivu Hubana Pumzi

Miongoni mwa watu wazima wenye pumu, takriban asilimia 7 hubanwa kifua wanapomeza aspirini. Kwa wenye pumu kali, kiwango hicho hukaribia mara mbili. Kwa kawaida shambulio huanza kati ya dakika 30 na saa 3 baada ya dawa kumezwa. Pua huziba na kuchuruzika, macho huwa mekundu, kisha kifua hubana na pumzi kutoka kwa mlio. Wengine hufikishwa hospitalini wakiwa hawawezi kumaliza sentensi moja, na ndugu waliowaleta hawakumbuki hata kukitaja kidonge cha maumivu ya kichwa.

Wengi huiita hali hii mzio. Jina hilo linaeleweka, ila linapotosha. Katika mzio wa kawaida, kinga ya mwili huitambua dawa fulani kwa umbo lake na kuitengenezea kingamwili. Dawa hiyo ikibadilishwa kwa nyingine yenye umbo tofauti, tatizo huisha. Hapa sivyo. Kinachomdhuru mgonjwa ni kazi yenyewe inayofanywa na aspirini.

Utando wa seli hutoa asidi ya arakidoniki, ambayo hufuata njia mbili. Katika njia ya kwanza, vimeng'enya vya kundi la COX huigeuza kuwa prostaglandini. Katika ya pili, huwa leukotrieni. Aspirini huvizuia vimeng'enya vya COX, na kwa kuwa baadhi ya prostaglandini huchochea maumivu na homa, mgonjwa hupata nafuu. Mwanasayansi wa Uingereza, John Vane, alilionesha jambo hili mwaka 1971. Lakini prostaglandini E2, ambayo huchangia maumivu hayo, ina kazi ya ulinzi katika njia za hewa: huzizuia seli za kinga zisitoe leukotrieni kupita kiasi. Mgonjwa wa aina hii tayari ana leukotrieni nyingi na upungufu wa E2, hata kabla ya kumeza chochote. Aspirini inapokizuia kimeng'enya cha COX-1, ulinzi huo mdogo uliobaki huondoka. Leukotrieni humwagika, misuli ya mirija ya hewa hujikaza, kuta zake huvimba na makohozi huongezeka.

Ndiyo maana ibuprofeni, diklofenaki, naproxeni na indometasini huleta shambulio lilelile. Mgonjwa anayesema aspirini haimpatani, kisha akachomwa sindano ya diklofenaki, kwa mirija yake ya hewa amepewa dawa ileile kwa jina jingine. Parasetamoli huizuia COX-1 kwa udhaifu, hivyo miligramu 500 kwa kawaida huvumilika. Miligramu 1,000 kwa mkupuo mmoja huweza kuwasumbua wachache.

Swali la mtoa dawa lisiishie kwenye pumu. Ugonjwa huu mara nyingi huanza ukubwani, katika miaka ya thelathini au arobaini, ukiambatana na mafua yasiyokwisha, kupotea kwa uwezo wa kunusa, na vinyama vya pua vinavyoota tena baada ya upasuaji. Daktari Mfaransa, Widal, aliueleza muungano huo wa dalili tangu 1922. Wengi wa wagonjwa hawa hubanwa pia na pombe. Aidha, mtu kuivumilia aspirini miaka iliyopita si uthibitisho kwamba ataivumilia leo.

Hata hivyo, si haki kumnyima aspirini kila mwenye pumu, kwani wengi wao haiwadhuru, na wenye maradhi ya moyo huihitaji. Mgonjwa anayeitumia bila shida asiiache kwa hofu kabla ya kuzungumza na daktari wake. Kwa aliyethibitika kudhurika lakini anaihitaji, wataalamu huweza kumzoesha kwa dozi ndogo zinazoongezwa hatua kwa hatua. Kazi hiyo hufanyika hospitalini chini ya uangalizi, dawa za dharura zikiwa tayari; kamwe isijaribiwe nyumbani. Baada ya hapo aspirini humezwa kila siku, kwani ikikatizwa kwa siku chache tu, uvumilivu huo hupotea.