Mwani wa Kijani na Nuru ya Baharini

Kila mmea wa kijani huishi kwa nuru. Kwa nguvu ya jua hufanya sukari kutokana na maji na hewa, na sukari hiyo ndiyo chakula chake. Leo twataka kueleza jinsi mwani wa kijani upatavyo nuru chini ya maji.

Twajua ya kuwa nuru ya jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi, kama tuzionavyo katika upinde wa mvua. Jani la nchi kavu lina rangi iitwayo klorofili. Hiyo hushika vema nuru nyekundu na ya buluu, lakini ya kijani huishika kwa shida; ndiyo sababu jani huonekana kijani.

Amma bahari humeza nuru nyekundu kwanza. Penye kina cha mita 10, yaani kama pima tano na nusu, imebaki kidogo sana. Mzamiaji akijikata kidole chini huko, damu yake haionekani nyekundu tena. Karibu na pwani nuru isaliayo ni hasa ya kijani na buluu. Basi mmea wenye klorofili peke yake hauwezi kuitumia vema sehemu ya kijani ya nuru hiyo.

Mwani uitwao Kodiumu, wenye matawi laini kama vidole, huota pia katika miamba ya pwani yetu. Huo una rangi nyingine, sifonazantini, ishikayo nuru ya kijani. Nguvu yake hupitishwa kwa klorofili, mfano wa watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Kwa kuwa haurudishi nuru nyingi ya kijani, mwani huu huonekana wa kijani kilichokoza. Mwaka 2022 wataalamu wa Japani, walipoutazama kwa hadubini ya elektroni, walionyesha ya kuwa mpango wa rangi zake wafanana sana na ule wa spinachi, ila mahali pachache rangi moja imekaa badala ya nyingine.

Lakini ustadi huu una mpaka. Mvua ikichukua udongo wa mashamba yasiyo na makinga, mto huupeleka baharini, maji yakawa tope, nuru ikazuiwa. Mwani ukifa, samaki waulao hukosa chakula, na mvuvi hukosa samaki. Kwa hiyo mkulima wa bara azuiaye udongo wake humsaidia na mvuvi wa pwani asiyemjua.