Fedha ya Mwezi kwa Mtoto Aendaye Ulaya

Jioni moja baba mmoja wa usharika wetu alitujia pamoja na mkewe, na barua mkononi. Mwana wao amekubaliwa katika chuo kikuu cha Ujerumani, nchi ambayo babu zetu waliwaita watu wake Wadachi. Lakini kabla ya kupewa ruhusa ya kuingia, sharti aonyeshe yuro 11,904. Baba amekusudia kuuza shamba la chini. Akasema, "Mwalimu, tusomee polepole, maana shamba likiisha kuuzwa halirudi."

Tukaketi tukahesabu. Na kwa kuwa ziko nyumba nyingine zenye shauri kama hili, twaiandika hesabu hiyo hapa. Twaiandika kwa yuro, maana thamani ya shilingi haikai mahali pamoja.

Kwanza, fedha hizo si ada. Wengi hukosea hapo. Vyuo vikuu vya serikali huko, vilivyo vingi, havitozi ada ya masomo, ijapokuwa jimbo la Baden-Württemberg tangu mwaka 2017 lawatoza wageni watokao nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa kila muhula. Zile 11,904, kadiri iliyowekwa mwaka 2024, ni za mtoto mwenyewe. Zawekwa katika akaunti iliyofungwa kwa jina lake, naye hufunguliwa yuro 992 kila mwezi, wala hapati zaidi hata akilia.

Baba akafurahi, akasema kwamba yuro 992 ni mali nyingi. Tukamwuliza, "Mwanao anakwenda mji gani?" Hakujua. Alijua Ujerumani tu.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mwaka 2025, chumba kimoja katika nyumba wakaayo wanafunzi pamoja katika mji wa München kilipatikana kwa karibu yuro 800 kwa mwezi. Toa bima ya ugonjwa, ambayo ni lazima, karibu yuro 150. Zimebaki 42. Katika hizo ale, avae, apige simu nyumbani, tena atoe sehemu yake ya kodi ya redio na televisheni, ambayo ni yuro 18.36 kwa kila nyumba, hata asiye na redio. Lakini katika Chemnitz, mji wa mashariki, chumba cha namna hiyo kilikuwa karibu yuro 300. Toa bima ile ile: zimebaki 542. Fedha ni moja, serikali ni moja, na mtoto mmoja analala njaa hali mwenzake ameshiba.

Waingereza wenyewe wameliona jambo hili. Mwanzoni mwa mwaka 2025 walimtaka mwanafunzi mgeni aonyeshe pauni 1,483 kwa mwezi akienda London, na pauni 1,136 akienda penginepo. Wajerumani wametaja kadiri moja kwa nchi nzima; basi kazi ya kutofautisha miji ni ya mzazi.

Iko na dhamana ya chumba. Sheria yamruhusu mwenye nyumba kudai hata kodi ya miezi mitatu, bila gharama za kupasha nyumba moto, ingawa mpangaji aweza kuilipa kwa mafungu matatu. Pamoja na nauli ya ndege na koti la baridi, fedha hiyo yatakiwa kuwa kando.

Mama, aliyekuwa kimya, akauliza, "Je, si atafanya kazi?" Ataweza: sheria yampa siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280, na mwaka 2025 ujira wa chini ulikuwa yuro 12.82 kwa saa. Lakini kazi hutafutwa, tena kwa lugha ya wenyeji, na mitihani haimngoji mtu aliyechoka. Twaona si haki kumhesabia mtoto mshahara asioupata bado, na kwa mshahara huo kuwaahidi wadogo zake ada ya shule. Hilo tulilisema wazi, na baba hakulipenda.

Wiki ya pili alirudi peke yake. Mwana ameandika kuuliza kama kuna chuo cha somo lake katika mji wa kodi nafuu. Shamba la chini halijauzwa. Baba anangoja kwanza jina la mji.